Kiti cha Abiria

Mume wangu mtaa mzima humwita Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye cheti cha ndoa, lakini ukilitaja huku kwetu hakuna atakayekuonyesha nyumba. Anaitwa Sikio kwa sababu hagusi injini kabla ya kuisikiliza. Ana bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho na kutulia hivyo hata dakika tano. Wateja wageni hudhani kasinzia. Halafu anafumbua macho na kusema, "Silinda ya tatu," na mara nyingi huwa ni ya tatu kweli.

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunisemea. Dada yangu husimulia kwamba utotoni nilikuwa nalia akibebwa yeye, na nikibebwa mimi nalia kwa kuwa yeye kaachwa huru kucheza. Sikio ananijua hivyo tangu enzi za uchumba, na kwa miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kunipa sababu hata moja. Hebu fikiria taabu yangu: wivu wote huo, na hakuna pa kuuweka.

Nashona sare za shule. Karakana yangu ni chumba cha pembeni, chenye vyerehani viwili, meza ya kukatia, na vitambaa vya bluu ambavyo vumbi lake linaniingia mpaka kwenye chai. Uani ndiko kwenye gereji ya mume wangu, chini ya paa la mabati. Kati yetu kuna dirisha. Tulipolitoboa nilimwambia mwashi nataka hewa. Hewa inaingia kweli, sikatai, ila cherehani nimekielekeza huko na kiti changu nimekiwekea mto ili kichwa kifike usawa unaotakiwa.

Pikapu ya mayai iliingia uani Jumatatu moja asubuhi. Ilikuwa kuukuu, ya ile aina isiyo na pua. Injini yake imelala chini ya viti vya mbele, na ukitaka kuiona unainua kiti cha abiria kama mfuniko wa sanduku. Rangi yake ya kwanza ilikuwa nyeupe, nafikiri. Akashuka mwanamke wa makamo yangu, suruali ya kazi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka, na alipocheka nikaona ana mwanya. Mwanya wenyewe ulikuwa mzuri. Nilikosea mshono palepale.

"Fundi, inamisi," alimwambia mume wangu. "Si kila siku. Inakwenda vizuri, mara ghafla inaanza kukohoa, inanivutavuta, kama mtu anataka kupiga chafya inakataa. Nikifika ninakokwenda, imepona."

Sikio akainua kiti, akawasha injini, akaweka bisibisi sikioni. Injini ilinguruma safi kabisa. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni sindano, nilisikia kwamba hairuki pigo hata moja.

"Haina kitu," alisema.

"Nilijua utasema hivyo," yule wa mayai akajibu. "Mafundi watatu wamesema hivyo. Mimi nikitoka hapa na mayai yangu, itanifanyia vituko mbele ya watu."

Kumwambia Sikio kwamba mafundi watatu wameshindwa ni kumtafuta ubaya. Niliona masikio yake yakisimama. Alibadilisha plagi zote nne, akaenda nayo barabarani peke yake hadi kwenye mzunguko na kurudi, akaridhika. Yule wa mayai aliondoka akimpungia mkono, halafu akapita dirishani kwangu na kusema, "Wifi, kazi njema!"

Wifi! Mtu ambaye nimemjua saa moja na nusu. Tena wifi ni dada wa mume, na nyote mnajua ni wangapi wamejiita dada wa mume wa mtu huku roho zao zikijua wanachokitafuta. Nilitabasamu kwa meno tu.

Ijumaa karudi. Imemisi. Sikio akasafisha platini, akabadilisha kondensa na kifuniko cha distributa, maana kilikuwa na ufa mwembamba na akafurahi sana kuuona ule ufa. Akaendesha peke yake. Safi. Alhamisi iliyofuata karudi. Imemisi. Akafungua kabureta, akaiosha mezani kwangu, kwenye meza yangu ya kukatia, kwa kuwa huko kwake kuna vumbi. Akaendesha peke yake. Safi. Wiki ya tatu alishusha tangi la mafuta na kulisuuza. Alianza kuota pikapu. Sitanii. Tukiwa tumekaa mchana tunakula, anaacha kijiko hewani, nami namuuliza unawaza nini, anasema, "Au koili?"

Kwa wiki tatu mume wangu hakuwa na jambo jingine kichwani isipokuwa gari la mwanamke mwingine. Mwenye roho ya mawe na akae kimya. Mimi sikuweza.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Wiki ya nne Sikio alimwambia yule wa mayai, "Leo twende wote. Nataka uwepo ikianza, unionyeshe." Akakaa kwenye usukani, yule akazunguka upande wa pili akapanda, mlango ukafungwa. Nikawaona wakitoka getini wamekaa bega kwa bega, maana kabini ya pikapu ile ni ndogo na viti vyake viwili vimegusana. Nikatazama saa ya ukutani. Waliporudi zilikuwa zimepita dakika arobaini. Mzunguko na kurudi ni dakika kumi na mbili.

Na walikuwa wanacheka. Wote wawili! Mume wangu alishuka akipiga makofi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Imemisi!" aliniambia dirishani. "Mama watoto, imemisi kwa macho yangu! Tumepita pale penye matuta, ikaanza, puk, puk, puk. Nikasimama, nikamshusha, nikainua kiti nisikilize. Ikanyamaza. Nikafunga, tukapanda, tukaenda kidogo, ikaanza tena. Mara nne!"

"Umemshusha mara nne," nilisema.

"Mara nne!"

"Na kumpandisha mara nne."

"Eeh," alisema. Hakuona kitu. Alirudi kwenye bisibisi yake akipiga mluzi.

Siku mbili baadaye alikwenda na ile pikapu peke yake akakaa saa nzima, akarudi uso umemshuka. Haikumisi hata mara moja. Jioni yake akaenda tena na mwenyewe, ikamisi kabla hawajamaliza mtaa. Chakula kilipokuwa mezani na watoto wamekwisha kutoka kucheza, akakaa mbele yangu na kuniambia maneno ambayo mke yeyote angemwagia mtu mchuzi.

"Unajua nimegundua nini? Lile gari halimisi mpaka yeye awepo."

"Nani?"

"Mwenyewe. Nikienda peke yangu, kimya. Nikienda naye, inamisi. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Kwa hiyo itabidi niwe naenda naye kila mara."

Alisema hivyo akiwa ananawa mikono. Alinitazama machoni kabisa, na macho yake yalikuwa meupe kama ya mtu anayesoma tangazo. Nimewahi kusikia waume wa watu wakidanganya. Wanasema wamechelewa kazini, wanasema rafiki kafiwa, wanasema simu iliisha chaji, na angalau huwa wanajitahidi. Huyu wangu hakunionea hata huruma ya kutunga kitu cha maana. Gari linaumwa akiwepo mrembo tu! Nikainuka, nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Nilichukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, kifua na kiuno na urefu wa mkono, nikaanzia ukurasa wa nyuma. Nikaandika kila siku yule wa mayai alipokuja, saa aliyoingia, waliondoka pamoja au la, na walikaa muda gani. Halafu nikampigia simu kaka yangu mkubwa. Kaka alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na mambo ya nyumba zetu sote huyaendesha kama kesi. Nikamsomea daftari lote. Nilimsikia upande wa pili akiandika.

"Jumamosi saa sita nitakuwa hapo," alisema. "Usimwambie chochote. Mtu akijua ana kikao, anapanga maneno."

"Kaka, nikigundua ni kweli, narudi nyumbani na wanangu."

"Hilo tutalisikia Jumamosi, mdogo wangu."

Mtu akikwambia wivu ni jambo la kuchekesha, huyo hajawahi kulala siku tano akiwa amegeukia ukuta, akihesabu kwamba ikifika Jumamosi jioni huenda hana nyumba. Nilimpikia mume wangu siku hizo zote. Nilimfulia lile bwelasuti lake la gereji. Kila nilipolichovya kwenye maji nililinusa kwanza, shingoni na mabegani, na hilo nalo nikampigia kaka aliandike. Lilinuka petroli, na siku moja lilinuka mayai yaliyovunjika. Basi nikalia juu ya yale mayai.

Ijumaa, siku moja kabla ya kaka kufika, pikapu ikaingia tena. Safari hii yule wa mayai hakucheka. Alisimama ameshika kiuno, nilimsikia vizuri.

"Fundi, mimi nimechoka. Nimepata mtu wa kuinunua kama chuma chakavu. Nitampa."

"Nipe wiki moja."

"Kila wiki ni wiki moja."

Sikio alirudi kwenye gari. Aliinua kiti, akawasha, akainama na bisibisi yake sikioni, na mgongo wake ulikuwa umelegea kabisa. Nilimwonea huruma, na palepale nikajikasirikia kwa kumwonea huruma. Kisha yule mwanamke akamwekea mkono begani. Kidogo tu, kama mtu anayempa mwenzake pole. Nilisimama nikiwa na mkasi mkononi. Nakumbuka niliurudisha mezani, hilo nalikumbuka vizuri, halafu nikatoka uani.

Kaka alikuwa amenikataza kusema. Lakini kaka hakuwa na dirisha.

"Hujambo wifi," alisema yule wa mayai.

"Sijambo. Nataka kukuuliza kitu. Ukitoka na mume wangu kwenye hii pikapu, unakaa wapi?"

Alinitazama, akamtazama Sikio. "Hapo, kiti cha abiria. Ningekaa wapi wifi, juu ya mayai?"

"Mama watoto," mume wangu alianza, "niko kazini."

"Endelea na kazi, siongei na wewe." Nilikuwa nimekwisha kuwasha moto na sikuwa na habari ya kuuzima. "Na mume wangu asipokuwepo, hapo anakaa nani?"

"Mbona hakuna mtu. Nabeba trei za mayai nyuma, mbele niko peke yangu."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Karibu," nilisema. Nilikuwa na daftari langu mfukoni mwa aproni, nikalitoa. Aibu haikuwepo tena, ilishatangulia nyumbani. "Wiki iliyopita Jumatatu ulipita hapa nje asubuhi, hukuingia. Gari lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Jumatano ukaja hapa umefura, unasema imekuaibisha kwenye taa za barabarani. Jumatano ulikuwa na nani?"

Nilikuwa na hakika sasa atababaika. Nilitaka ababaike. Nilitaka jina la mwanamume, mwanamume yeyote, ili nijue ni mwanamke wa namna gani.

"Jumatano nampeleka mama kliniki," alisema. "Miguu yake haifai."

"Mama yako anakaa hapo mbele?"

"Anakaa hapo mbele. Na mwili anao, mama yangu, tunabanana kweli."

"Na wiki ya kabla ya hapo ilimisi Alhamisi."

"Alhamisi..." Alifikiri. "Kliniki ilihamishwa ikawa Alhamisi. Ilikuwa sikukuu Jumatano."

Nilikuwa najaza kifua niulize la Jumamosi, nikatupa jicho upande wa pili. Sikio alikuwa ameitoa bisibisi sikioni. Alikuwa ameshika kile kiti alichokiinua, anakitazama kwa chini, upande ule ambao hautazamwi na mtu.

"Uliza tena," alisema.

"Niulize nini?"

"Hayo unayouliza. Anakaa nani, siku gani." Lakini hakusubiri. Alikishusha kiti mahali pake, akakibana, akaacha injini inaunguruma. Ilikuwa safi. "Mama watoto, panda. Kaa hapo."

Sikuelewa, ila sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka, nikapanda. Mimi pia mwili ninao, sina haja ya kuficha, sare ninazoshona za walimu najipimia mwenyewe. Nikakaa kwa uzito wangu wote na hasira zangu zote.

Puk. Puk, puk.

"Inuka!"

Nikainuka. Injini ikatulia.

"Kaa!"

Puk, puk, puk.

"Rukaruka kidogo!"

Nikarukaruka. Pikapu ikakohoa na kutetemeka mpaka trei za mayai nyuma zikalia. Yule wa mayai alikuwa ameweka mikono kichwani. Mume wangu alinipandisha na kunishusha labda mara kumi, na kila mara injini iliugua nikikaa na kupona nikiinuka. Mwisho alizima gari, akainua kiti na kulala chini yake na tochi mdomoni.

Ilikuwa waya mmoja wa plagi. Fundi fulani wa zamani alikosa waya wa saizi yake akaweka mrefu wa gari jingine, akaupitisha juu ya injini badala ya pembeni. Mtu akikaa kwenye kiti cha abiria, kiti kinazama kidogo, na ukingo wa bati lake unaukandamiza ule waya. Ngozi ya waya ilikuwa imechanika, ufa mdogo usiozidi urefu wa ukucha, na kwenye bati palikuwa na alama nyeusi pale cheche ilipokuwa ikirukia badala ya kwenda kwenye plagi. Asipokaa mtu, waya haugusani na kitu. Na ukiinua kiti uangalie, ndiyo kabisa.

"Mwezi mzima," Sikio alisema akiwa bado chini, "nainua ugonjwa kwa mikono yangu, nauweka pembeni, halafu nainama kuutafuta." Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashindwa kutoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na daftari langu, na yule wa mayai akanikumbatia kwa nguvu, akinuka mayai na jasho, akasema, "Wifi wangu! Wifi wangu una akili wewe!"

Niwaambie nilivyojisikia? Kwanza nilipata raha, raha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, maana mume wangu alikuwa amesema kweli tupu, neno kwa neno. Halafu nikamkumbuka kaka.

Nilimpigia simu mara sita. Kaka huzima simu akiwa safarini kwa sababu anaamini inamaliza chaji. Asubuhi yake bado ilikuwa imezimwa.

Wakati huohuo Sikio alikuwa ananitangaza. Alimwambia muuza vipuri, akamwambia jirani wa kushoto, akamwambia hata yule mzee wa kuchomelea ambaye hawasalimiani. "Mke wangu! Kakaa dirishani kwake na cherehani, kumbe anafuatilia. Kaandika kila kitu kwenye daftari, siku na saa. Mimi nasikiliza injini, yeye kauliza nani anakaa kitini. Hakuna fundi angeuliza hivyo." Nilimsikia akilirudia hilo mara nyingi na kila mara alinitazama kwa namna ambayo hakunitazama tangu tulipozaa mtoto wa pili. Ningekuwa na busara ningekula ile furaha polepole. Niliila huku natazama geti.

Saa sita kamili Jumamosi kaka aliingia, na koti lake na faili la karatasi kwapani. Sikio alimkimbilia.

"Shemeji! Karibu, karibu! Umefika siku njema. Dada yako kanishinda kazi yangu mwenyewe, kaa nikusimulie." Na akamsimulia yote, kaka akiwa amesimama, pamoja na sauti za puk puk na mimi kurukaruka. Kaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa, akavaa miwani, akafungua faili juu ya meza yangu ya kukatia.

"Nimefurahi gari limepona," alisema. "Sasa tuje kwenye hili la mwanamke wa mayai. Limekwishaje?"

"Lipi?" mume wangu aliuliza, bado anatabasamu.

"Kaka," nilisema, "hilo limekwisha. Hakuna kitu. Funga hilo faili, nikuletee maji."

"Mlalamikaji ndiye wewe, mdogo wangu. Mwenzako ana haki ya kusikia alichotuhumiwa, ndipo lifungwe." Miaka thelathini ya mahakama haiishi mtu mwilini. Akasoma, kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka. Tarehe fulani, wameondoka pamoja, dakika arobaini, wamerudi wanacheka. Tarehe fulani, amesema gari haliumwi mpaka mwanamke awepo, mlalamikaji anaamini ni uongo. Tarehe fulani, nguo imenuswa. Mlalamikaji anaomba kurudi kwao na watoto.

Tabasamu la Sikio halikuondoka kwa mara moja. Lilibaki usoni, likawa halina kazi. Alinyoosha mkono akachukua daftari langu la vipimo lililokuwa karibu na mkasi, akageuza nyuma, akaona mwandiko wangu. Alisoma kurasa zote mbili.

"Kwa hiyo jana," alisema, "ulipokuwa unamuuliza anakaa nani pale."

"Ndiyo," nilisema.

"Hukuwa unatafuta ubovu wa gari."

"Hapana."

Akalirudisha daftari palepale lilipokuwa, akalinyoosha lisikae upande. Kisha akamwambia kaka, "Shemeji, usiondoke bila kula," akatoka uani.

Hatukugombana. Ningependa tungegombana, ningejua pa kushika. Nilimwomba radhi jioni ile na kesho yake, naye akasema yamekwisha. Kaka alifunga faili na kulirudisha kwake. Yule wa mayai alikuja mara moja kuweka plagi nyingine, akapita dirishani na kusema, "Habari za kazi, mama." Mama, si wifi. Sijui nani alimwambia. Niligundua kwamba yeye mwenzangu alikuwa anamaanisha neno lake, na niliona wivu upya, safari hii namwonea wivu yule mke niliyekuwa mimi, ambaye watu walimwita wifi.

Kilichobadilika ni kimoja. Sasa kila likija gari la kujaribiwa barabarani na mwenye gari ni mwanamke, Sikio huja dirishani na kuniambia, "Mama watoto, twende." Hapo mwanzo nilifurahi, nilivua aproni haraka na kujipaka mafuta usoni. Nilidhani tunarudiana kidogokidogo. Hunikalisha katikati au mbele, kutegemea gari. Yeye huendesha macho mbele, husikiliza injini yake, na kwa dakika kumi na mbili za kwenda mzunguko na kurudi hasemi nami neno. Tukifika hunigeukia na kutaja saa tuliyotoka na saa tuliyorudi. Kisha hushuka.

Juzi alikuja mwalimu mmoja, bibi mzima wa watu, mwenye wajukuu, na gari lake linalopiga kelele nyuma. Sikio akaja dirishani. Nilikuwa na sare thelathini za kumaliza, na hata zisingekuwepo, nilikuwa nimechoka na ule ukimya.

"Nenda tu," nilimwambia. "Sina neno. Nakuamini."

Hakukasirika. Alikwenda akafungua mlango wa upande wangu, akasimama ameushika, mwalimu akimshangaa.

"Panda," alisema.

Nikapanda.